Mafuta ya Mnyama Hutoka Wapi

Kila mtu aliyekula nyama ya kondoo penye baridi ajua jinsi mafuta yake yanavyoganda upesi. Hushika midomo na kaakaa, na sahani ikiachwa kidogo tu huwa kama imepakwa nta. Mafuta ya kuku hayafanyi hivyo. Huelea juu ya mchuzi yakiwa majimaji, yenye rangi ya manjano. Mafuta ya nguruwe yako katikati. Mara nyingi huwa meupe na magumu kiasi, hukatika kwa kisu kama kipande cha sabuni. Lakini pengine huwa laini na ya kuteleza, hata nyama yake ikitundikwa usiku kucha penye baridi haishiki umbo lake. Wanyama hawa wote huweza kuwa wa mtu mmoja, wakanywa maji ya kijito kimoja. Mbona basi mafuta yao hayafanani? Tena, mbona nguruwe wawili waliozaliwa siku moja na mama mmoja, wa kwanza hutoa mafuta magumu na wa pili mafuta ya kuchuruzika?

Jibu la maswali haya halikupatikana upesi. Wenye elimu walishindana juu yake kwa muda wa miaka 80 na zaidi, na kabla hawajalipata, wakulima wengi maskini walipata hasara wasijue sababu yake. Nimeona vema kuieleza habari hii kwa taratibu, maana wengi wetu hufuga wanyama, na jibu la nguruwe silo jibu la ng'ombe.

Ya kuwa chakula ndicho kimpacho mnyama unono, jambo hilo watu wa kale walilijua. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 4, twasoma habari za jiko la mfalme Sulemani, nayo hesabu ya kila siku yatenga ng'ombe 10 walionona na ng'ombe 20 waliotoka malishoni. Mwandishi hakuwachanganya pamoja, kwa kuwa wale wa kwanza walikuwa wamewekwa na kulishwa, na wale wa pili walijitafutia majani. Nyama zao zilikuwa mbili. Naye mwana mpotevu aliporudi nyumbani hakuchinjiwa ndama yeyote, alichinjiwa yule aliyenoneshwa. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 3, imeamriwa mkia wa kondoo utolewe mzima pamoja na mafuta yake, na kwa hiyo twajua ya kuwa kondoo wao walikuwa wa mikia ya mafuta, kama kondoo wa Wamasai na Wasomali walivyo hata leo. Herodoto, Myunani aliyeishi miaka zaidi ya 400 kabla ya Kristo, aliandika ya kwamba wachungaji wa Arabuni waliwatengenezea kondoo vigari vidogo vya kubebea mikia yao isije ikaburuzwa chini. Herodoto alipenda mno habari za ajabu, wala si zote za kuaminiwa. Lakini mkia wenyewe si hadithi, maana twauona.

Hata hivyo, kujua ya kuwa chakula huleta mafuta si sawa na kujua jinsi kinavyoyaleta. Mtu aweza kumnonesha ndama miaka yote ya maisha yake asijue kama mafuta yale yalikuwamo ndani ya nyasi tangu mwanzo, au kama ndama mwenyewe aliyafanya.

Mabishano yenyewe yalianza kwa nguvu katika mwaka 1842. Mwaka huo Justus von Liebig, Mjerumani aliyefundisha kemia katika mji wa Giessen, alitoa kitabu juu ya kemia ya wanyama, akasema humo ya kuwa mnyama huweza kufanya mafuta kwa wanga na sukari, vitu ambavyo havina mafuta ndani yake. Huko Paris wakuu wa elimu, yaani Dumas na mwenzake Boussingault, walikana. Wao walifundisha ya kuwa mimea peke yake ndiyo ifanyayo mafuta. Mnyama hukusanya tu yale aliyoyala na kuyaweka mwilini, kama mtu aondoaye asali mzingani na kuitia katika mtungi wake.

Liebig akaleta hoja ya bata bukini. Bata aliyekonda, mwenye uzito wa ratili 4, akilishwa kwa nguvu ratili 24 za mahindi kwa muda wa siku 36, huongezeka uzito ratili 5, na akichinjwa hutoa mafuta ratili 3 na nusu. Mafuta hayo yote yametoka wapi? Wafaransa wakajibu ya kuwa mahindi nayo yana mafuta yake, tena si haba. Basi wakashindana hivi, huyu akipima mahindi na yule akipima bata. Lakini jambo likaanza kuwageukia Wafaransa wenyewe. Mwaka 1843 Dumas, akishirikiana na Milne-Edwards, aliwachunguza nyuki waliolishwa chakula kitamu kisicho na nta, akaona ya kuwa waliendelea kufanya nta zaidi ya ile iliyoweza kuwamo miilini mwao. Naye Boussingault, aliyekuwa na shamba lake huko Bechelbronn katika nchi ya Alsace, alifanya lile ambalo mkulima yeyote angeweza kulifanya kama angekuwa na mizani na subira: alichukua nguruwe wanaolingana, akachinja wengine mwanzoni na kupima mafuta yao, akalisha waliobaki kwa chakula kilichopimwa, kisha akawachinja nao. Mafuta yaliyoongezeka yalizidi yale yaliyokuwamo chakulani. Boussingault akakiri mbele ya watu ya kuwa Liebig alikuwa na haki. Si wanachuoni wengi wawezao kufanya hivyo, nami namheshimu kwa jambo hilo kuliko kwa mengine yote aliyoyagundua.

Baada yake Waingereza wawili, Lawes na Gilbert, waliofanya kazi pamoja huko Rothamsted tangu mwaka 1843, walirudia jambo lile kwa nguruwe wengi na kwa hesabu kamili zaidi, hata pasibaki tena nafasi ya kubisha. Nguruwe hufanya mafuta kwa wanga. Ampaye nguruwe shayiri, viazi au muhogo hampi mafuta, ila mnyama huyageuza mwenyewe ndani ya mwili wake.

Ungedhani maneno yangeishia hapo. Lakini katika mwaka 1882 mtaalamu mmoja, jina lake Lebedev, alichukua mbwa wawili, akawanyima chakula hata mafuta yao ya kwanza yakaisha. Kisha mmoja alimlisha pamoja na mafuta ya mbegu za kitani, ambayo ni majimaji hata penye baridi kali, na wa pili alimlisha pamoja na shahamu ya kondoo. Walipochinjwa, mafuta ya mbwa wa kwanza hayakuganda, na mafuta ya wa pili yalikuwa magumu, yakikaribia kufanana kabisa na shahamu ya kondoo. Mbwa amebeba mafuta ya kondoo chini ya ngozi yake! Basi Dumas naye hakuwa amekosa kabisa. Mnyama hufanya mafuta yake mwenyewe, tena huyaweka yale aliyoyala jinsi yalivyo; na tabia ya nyama hutegemea ni njia gani kati ya hizo mbili iliyotumika zaidi.

Yafaa hapa nieleze kwa nini mafuta haya ni magumu na yale ni laini. Mafuta yote yamejengwa kwa vijinyororo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Katika mafuta magumu vijinyororo hivyo vimejaa, navyo vimenyoka, hupangana vema kama mzigo wa kuni zilizochongwa. Katika mafuta laini vijinyororo vingi vimepungukiwa, penye upungufu vina kipindo, wala havipangani, kama mtu ajaribuye kufunga mzigo wa matawi ya miiba. Mafuta ya nazi vijinyororo vyake karibu vyote vimejaa, ndiyo sababu watu wa pwani huyaona yameganda chupani wakati wa kipupwe. Mafuta ya karanga hubaki majimaji. Mwaka 1884 mtaalamu Hübl alionyesha njia ya kuupima upungufu huo kwa dawa ya iodini: mafuta laini hunywa iodini nyingi, na mafuta magumu hunywa kidogo. Tangu siku hiyo ulaini wa mafuta uliweza kuandikwa kwa tarakimu, wala haukuwa tena jambo la kidole cha mchinjaji peke yake.

Watu wa kwanza kuitumia elimu hii kwa faida kubwa walikuwa Wadenmark. Mwaka 1887 Ujerumani ilizuia nguruwe wao wasiingie, na wakulima wadogo wa Denmark wakabaki na wanyama wasio na mnunuzi. Mwaka uo huo, katika mji wa Horsens, wakulima walianzisha kiwanda chao cha ushirika cha kuchinja nguruwe na kutengeneza bekoni, yaani nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, kwa kuwauzia Waingereza. Mwingereza alitaka bekoni yake ya asubuhi iwe na mafuta meupe, magumu, yanayokatika kwa vipande vyembamba. Kwa sababu kiwanda kilikuwa mali ya wakulima wenyewe, nyama laini ilikuwa hasara ya wote, na kila mmoja alitaka kujua sababu yake. Majaribio yaliyoanzishwa na mtaalamu wao Fjord, na kuendelezwa baada ya kufa kwake mwaka 1891, yalionyesha ya kuwa shayiri pamoja na maziwa yaliyoondolewa siagi huleta mafuta magumu, na kadiri mahindi yanavyochukua mahali pa shayiri mafuta hulainika. Maziwa yale yalikuwa mabaki ya viwanda vyao vya siagi. Kwa hiyo siagi ilikwenda Uingereza katika meli moja, na maziwa yaliyobaki yakaifuata katika meli ya pili, yakiwa yamegeuka bekoni.

Tena huko Copenhagen, mwaka 1901, wataalamu Henriques na Hansen walifanya jaribio ambalo huenda likamchekesha msomaji. Walikwisha kuona ya kuwa mafuta ya nguruwe yaliyo karibu na ngozi ni laini kuliko yale yanayozunguka figo, wakataka kujua kama ni baridi iletayo tofauti hiyo. Wakachukua watoto watatu wa nguruwe wa mama mmoja. Mmoja wakamweka mahali pa baridi ya kugandisha maji, wa pili mahali pa joto kama la kwetu, na wa tatu katika baridi ile ile lakini amevikwa koti la ngozi ya kondoo. Yule aliyekaa barazani pa baridi pasipo koti, mafuta yake ya nje yalikuwa laini kuliko ya wenzake. Maana ni lazima mafuta yaliyo karibu na baridi yabaki laini, la sivyo yangeganda naye mnyama yungali hai. Kwa sababu hiyo hiyo mafuta yanayopatikana kwa kuchemsha miguu na kwato za ng'ombe hubaki majimaji, hutumiwa kulainishia ngozi za viatu, ingawa shahamu ya figo za ng'ombe yule yule ni ngumu ya kufanyia mishumaa.

Sasa nafika kwenye habari ya hasara niliyoitaja.

Mwaka 1892 mdudu mdogo alivuka kutoka Meksiko akaingia Texas katika Marekani. Mdudu huyo hutoboa vitumba vya pamba na kutaga mayai humo. Akaenda mashariki mwaka kwa mwaka, hata kufikia mwaka 1922 alikuwa ameeneza uharibifu karibu katika nchi yote ya pamba. Wakulima wa kusini, weupe kwa weusi, wengi wao wakilima mashamba ya watu wengine kwa kugawana mavuno, hawakuwa na zao jingine la kuuza. Ikawapasa kutafuta jingine, na wengi walitafuta katika karanga. George Washington Carver, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani na kufundisha katika chuo cha Tuskegee tangu mwaka 1896, alitoa mwaka 1916 kijitabu cha kuwafundisha watu kulima karanga na njia 105 za kuzipika. Katika mji wa Enterprise, jimbo la Alabama, watu walisimamisha mwaka 1919 sanamu ya kumheshimu yule mdudu, kwa kuwa aliwalazimisha kuacha kutegemea pamba peke yake. Ni sanamu ya mwanamke. Mfano wa mdudu wenyewe haukuwekwa juu ya mikono yake mpaka mwaka 1949.

Karanga hazikuwa za kuuza tu. Mkulima aliweza kuwafungulia nguruwe shamba zima wajichimbie wenyewe, pasipo gharama ya kuvuna wala kubeba. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, tena ina protini nyingi, na nguruwe hawa walinona upesi mno. Mkulima aliona wanyama wake wamevimba na manyoya yang'aa, akashukuru. Kisha akawapeleka sokoni, na mnunuzi wa kiwanda cha nyama akampa bei pungufu kuliko bei ya nguruwe waliokula mahindi huko kaskazini.

Kiwanda nacho kilikuwa na sababu. Nyama ya nguruwe aliyekula karanga, hata ikae muda katika chumba cha barafu, haikakamai. Ukiishika hulegea mkononi. Bekoni yake haikatiki vipande vyema, soseji zake hutoka mafuta, na mafuta yake ya kupikia hayasimami koponi. Tena huoza na kunuka upesi zaidi, kwa kuwa vijinyororo vilivyopungukiwa hushambuliwa na hewa. Lakini fikiri hali ya mkulima. Hakuwa mvivu, hakuwanyima wanyama wake kitu, na alifuata shauri alilopewa la kupanda karanga. Juu ya hayo, kwa kuwa mnunuzi hakuweza kumtambua kwa macho nguruwe hai kama mafuta yake ni laini, alipunguza bei ya nguruwe wote wa nchi ile ya karanga, hata wa yule aliyelisha mahindi. Mwenye kosa na asiye na kosa wakalipwa mamoja.

Katika miaka ya 1920 Idara ya Kilimo ya Marekani, ikishirikiana na vituo vya majimbo, iliwalisha nguruwe wengi kwa vyakula mbalimbali na kupima mafuta ya kila mmoja. Walioongoza kazi hiyo walikuwa Hankins na Ellis. Mwaka 1925 walionyesha ya kuwa nguruwe aliyepewa chakula chenye mafuta machache hufanya mafuta yake mwenyewe kwa wanga, nayo ni magumu. Akipewa karanga au soya, huyaweka mafuta ya karanga au soya chini ya ngozi yake, tena huacha kwa sehemu kazi ya kujifanyia yake. Hapo mabishano ya Liebig na Dumas yalikutana shambani: mbegu ya mafuta humfanya nguruwe kuwa ghala, na chakula cha wanga humfanya kuwa kiwanda.

Wakulima walikuwa na desturi ya kuwatoa nguruwe katika karanga majuma machache kabla ya kuuza na kuwapa mahindi, wakitumaini mafuta yatakauka. Majaribio yaliwavunja moyo wengi wao. Mafuta yaliyokwisha kuwekwa hayafukuzwi upesi. Ni lazima mnyama aongezeke sana kwa chakula cha pili ndipo mafuta mapya yayazidi yale ya kwanza. Aliyenoneshwa kwa karanga mpaka akaribie uzito wa kuchinjwa alikuwa amechelewa.

Jambo moja lilikuwa la kushangaza. Mbegu za pamba zina mafuta laini, lakini nguruwe aliyepewa mafuta hayo alitoa shahamu ngumu kuliko ilivyotarajiwa. Ellis na wenzake waliandika juu yake mwaka 1931. Baadaye ilijulikana ya kuwa mbegu za pamba zina kitu kinachozuia mwili wa mnyama usiweze kuvipunguza vijinyororo, hata vikabaki vimejaa. Lakini asikimbilie mtu kuwapa nguruwe mbegu za pamba. Zina sumu iitwayo gosipoli, nayo huwaua.

Wakati huo huo, nguruwe wa karanga aliyepunguziwa bei kiwandani alikuwa akitukuzwa mahali pengine. Katika mji mdogo wa Smithfield, jimbo la Virginia, watu wametia chumvi na kukausha kwa moshi mapaja ya nguruwe tangu zamani za wakoloni wa Kiingereza. Mwaka 1926 baraza la Virginia lilitunga sheria ya kuwa paja lisiitwe la Smithfield isipokuwa limetengenezwa mjini humo, nalo limetoka kwa nguruwe aliyelishwa karanga. Sharti la karanga halikuondolewa hata miaka ya 1960. Mafuta laini yasiyofaa kwa bekoni ya vipande ndiyo yaliyolipa paja lile ladha yake likikaa miezi mingi likikauka.

Wahispania wamelifikisha jambo hili mbali zaidi. Katika misitu iliyopunguzwa miti ya Extremadura na Andalusia, nguruwe weusi wa Kiiberia hufunguliwa wakati wa masika ya kule, tangu Oktoba au Novemba hata Februari hivi, wale matunda ya mwaloni yanayoanguka chini pamoja na nyasi. Mafuta ya matunda hayo ni karibu sawa na mafuta ya zeituni. Nguruwe akiisha kula kilo kadhaa za matunda hayo kila siku kwa miezi mitatu, shahamu yake huwa laini hata huyeyuka kwa joto la kidole. Ni ulaini, lakini si kama ule wa soya, kwa maana vijinyororo vya mafuta ya zeituni vina upungufu mahali pamoja tu, wala haviharibiki upesi kama vyenye upungufu mahali pawili na patatu. Paja hukaushwa miaka miwili, mitatu na zaidi pasipo kunuka. Sheria ya Hispania ya mwaka 2014 hairuhusu alama nyeusi iwekwe ila juu ya paja la nguruwe wa Kiiberia halisi aliyekula matunda ya mwaloni. Waliolishwa nafaka zizini hupewa alama nyeupe, na tofauti ya bei ni kubwa.

Msomaji mwenye ng'ombe huenda ameanza kuuliza kama haya yote yamhusu. Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo habari ni nyingine. Nyasi mbichi zina mafuta kidogo, lakini ni laini sana, ya jamii ya mafuta ya kitani. Kama kondoo angekuwa kama mbwa wa Lebedev, shahamu yake ingekuwa majimaji. Mbona ni ngumu kuliko zote? Mwaka 1951 Reiser wa Texas alionyesha ya kuwa mafuta ya kitani yakichanganywa na yaliyomo katika tumbo kubwa la kondoo, hupoteza ulaini wake. Vijidudu visivyohesabika vinavyokaa katika tumbo la mnyama acheuaye huvijaza vijinyororo kabla chakula hakijafika mahali pa kuingia mwilini. Kwa hiyo mnyama huyo hapokei mafuta aliyoyala yeye, bali yale ambayo vijidudu wake wamemtengenezea. Mwaka 1970 Scott na wenzake huko Australia walizifunika chembe za mafuta kwa protini iliyogandishwa kwa dawa, vijidudu visiweze kuzifikia, na mafuta ya kondoo na ng'ombe yakatoka laini kama ya mimea. Hapo ilithibitika ya kuwa tumbo lile ndilo mlinzi wa mlango.

Lakini mlinzi huyu hazuii kila kitu. Rangi ya manjano ya majani mabichi hupita, nayo hukaa katika mafuta ya ng'ombe. Kwa hiyo ng'ombe wa malisho mabichi huwa na shahamu ya manjano, na aliyefungiwa na kulishwa nafaka huwa na shahamu nyeupe. Wanunuzi wengi huidhania manjano kuwa ni dalili ya ugonjwa au ya uzee. Mara nyingi si hivyo, ingawa ni kweli ya kuwa ng'ombe aliyeishi miaka mingi malishoni amekusanya rangi nyingi. Mbuzi na kondoo huivunja rangi hiyo, ndiyo sababu mafuta yao ni meupe hata wakila majani yale yale. Tena sehemu kidogo ya mafuta laini ya nyasi huponyoka tumboni, hata nyama ya ng'ombe wa malisho ina zaidi ya mafuta ya jamii ya kitani, yaitwayo omega-3, kuliko nyama ya aliyenoneshwa kwa nafaka. Ila mafuta yake yote kwa jumla ni machache. Huko Usukumani watu hununua ng'ombe waliokonda, huwalisha mashudu na maganda ya pamba kwa miezi michache, kisha huwauza wamenona. Ng'ombe mkubwa, kwa sababu ya tumbo lake, huistahimili sumu ya pamba ambayo nguruwe haistahimili.

Elimu ya nguruwe laini ilikuwa karibu kusahauliwa Marekani, kisha ikarudi. Baada ya mwaka 2005 viwanda vingi vilijengwa vya kugeuza mahindi kuwa spiriti ya kuendeshea magari. Wanga hutumika, na machicha yanayobaki yana mafuta yote ya mahindi yaliyokusanyika pamoja. Machicha yalikuwa rahisi, wafugaji wakawapa nguruwe kwa wingi, na viwanda vya bekoni vikaona tena nyama ya tumbo iliyolegea. Wafugaji wakarudi kwenye shauri la zamani, la kuyapunguza machicha mapema katika majuma ya mwisho, na wenye viwanda vya spiriti wakaanza kuyakamua mafuta kwanza.

Kwetu hakuna machicha ya namna hiyo, lakini kuna mashine ndogo za kukamua alizeti, hasa pande za Singida na Dodoma, na mashudu yake huwa bado na mafuta mengi, maana mashine ndogo haikamui yote. Mafuta ya alizeti ni laini kuliko ya karanga. Pumba za mpunga nazo zina mafuta mengi, ingawa chenga za mchele hazina, na nguruwe wa chenga hutoa shahamu ngumu. Muhogo na viazi vitamu ni wanga karibu mtupu, lakini havitoshi peke yake, maana protini ni haba. Dagaa hujaza upungufu huo vizuri. Wakizidi mpaka siku za mwisho, nyama hunuka samaki, na hakuna mpishi awezaye kuiondoa harufu hiyo. Wafugaji wenye uangalifu huwaondoa dagaa mapema kabla ya siku ya kuchinja, wakaweka mahali pake maharagwe yaliyochemshwa au mashudu yaliyokamuliwa vema.